Vijana wa Kusini na Tabianchi: Nguvu Kazi au Wenye Mali?

Katika mijadala ya mabadiliko ya tabianchi mikoani Lindi na Mtwara, vijana hawakosi kutajwa. Huambiwa waunde klabu za mazingira, wapande miti siku za maadhimisho na wapeleke elimu vijijini kwao. Wanaotoa wito huo hawajakosea, ila wito wenyewe hunyamazia jambo moja zito: kijana akishaupanda mti, mti ni wa nani? Nadhani ushiriki wa vijana unakwama kwenye swali hilo zaidi kuliko kwenye uhaba wa elimu, au kwenye uvivu ambao wazee hupenda kuwasingizia.

Yapo maeneo ambayo swali hilo halisumbui. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokaribia, wakazi wa Mtwara walihimizwa kuhamia sehemu za juu, kabla hakijaipiga Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya, na mvua zilizoandamana nacho zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoka, wa kuifikisha katika kitongoji kisicho na mtandao wa simu ni mwendesha bodaboda, na wa kuivuta mitumbwi juu ni kijana mvuvi. Kazi hiyo haimnyang'anyi mtu kitu, kwa hiyo hakuna wa kuipinga. Ugumu unaanza msituni.

Zao linalompa kijana wa Lindi fedha yake mwenyewe ni ufuta. Korosho inadai mti, na mkorosho mkubwa aghalabu ni mali ya mzee, ya mjomba au ya ukoo, ambayo kijana huisubiri kwa urithi na kwa sasa huiokotea kwa ujira. Ufuta haumsubirishi: hukomaa ndani ya miezi mitatu hadi minne, huuzwa mnadani kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na mwenye jembe, panga na nguvu zake anaweza kuulima bila kumpigia mtu magoti. Tatizo ni kwamba unastawi zaidi katika ardhi iliyofyekwa karibuni, ambako rutuba ingalipo na magugu ni machache. Misimu michache ikipita, magugu huzidi, mavuno hushuka, na mkulima huhamia pori jingine. Hivyo ndivyo misitu ya Lindi inavyomegwa. Kijana tunayemtaka awe mlinzi wa msitu ndiye huyo huyo aliyeshika shoka, wala si kwa kutojua: amepiga hesabu, na kwa msimu huu hesabu yake ni sahihi. Semina ya siku mbili haiwezi kuishinda bei ya mnada.

Pwani mambo hayatofautiani sana. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya Serikali, hivyo kikundi kinachopanda miche katika ghuba ya Lindi au ya Mikindani hakipati haki ya kukata hata boriti moja. Katazo hilo lina maana, kwa kuwa mikoko huvunja nguvu ya mawimbi na ni mazalia ya samaki, lakini faida yake humfikia kila mvuvi, aliyepanda na asiyepanda. Kijana akiitwa mara ya kwanza atakuja kwa kujitolea. Mara ya tatu ataulizia posho, na sioni kosa lake.

Wanaosita kuwapa vijana haki zaidi wana hoja zisizopaswa kupuuzwa. Husema kijana hakai kijijini: akipata nauli anakwenda Dar es Salaam, na moto wa kiangazi ukizuka wanaobaki kuuzima ni akina mama na wazee. Husema pia kwamba haki iliyotolewa haraka huuzwa haraka. Katika mikoa iliyopambana kwa miaka na kangomba, ambapo korosho hununuliwa nje ya mfumo rasmi kwa bei ya kutupa, hofu kwamba shamba la kijana litaishia mikononi mwa mlanguzi si ya kuwaza tu. Hoja ya kuondoka, hata hivyo, naiona imechanganya chanzo na matokeo, kwa sababu wengi huondoka kwa kukosa cha kuwashikilia.

Vijana nao wana pingamizi lao: kwa nini sisi? Tangu 2015 gesi ya Mnazi Bay inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, miaka miwili baada ya vurugu zilizotokea Mtwara kwa sababu ya bomba hilo, na leo wanaombwa waiokoe hewa ambayo hawakuichafua. Kimaadili wana haki, ingawa haki hiyo haiwarudishii rutuba ya shamba.

Kilwa ina mfano wa kutazamwa. Vijiji kama Kikole na Nanjirinji A vilitenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, vikavuna mbao kwa mpango na kulipia huduma za kijiji. Msitu wenye mapato hupata walinzi. Kasoro yake ni kwamba fedha huingia kwenye mfuko wa kijiji. Kijana aliyeacha kufyeka pori ili alime ufuta huona darasa jipya, si mfuko wake ukijaa.

Kwa hiyo ningeanzia shambani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kikundi kupewa hakimiliki ya kimila, na mashamba yaliyochoka karibu na makazi yapo. Mikorosho ya kubebesha, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, huanza kuzaa takriban mwaka wa tatu. Kabla matawi hayajafunga, nafasi kati ya mistari inalimika ufuta, ukiwamo wa mbegu bora za kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kama Lindi 02 na Mtwara 09. Kijana angepata fedha ya msimu bila kufungua pori, huku miti iliyo yake ikikua. Gharama ya kupalilia ardhi iliyochoka ni kubwa, nalo si jambo dogo, lakini mkopo usio na riba wa halmashauri, ambao asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengewa vijana na ambao ulirejeshwa 2024 baada ya kusitishwa mwaka uliotangulia, ungeweza kuibeba. Sharti ni marejesho yafuate msimu wa mnada badala ya kudaiwa kila mwezi. Mkulima anayedaiwa kabla ufuta wake haujakomaa atatafuta fedha kwenye mkaa.