Ulaya Wanakitungia Sheria, Sisi Kariakoo Tunakiita Ubangaizaji

Wakuu, leo nina hasira ya kijinga, naomba mnivumilie.

Pedi yangu ya gemu ilianza kutembea yenyewe. Wachezaji mnaujua ugonjwa huu: umeondoa kidole, hujagusa kitu, na mchezaji wako anasogea kushoto taratibu kama mlevi anayetafuta ukuta wa kuegemea. Chanzo kinajulikana dunia nzima. Ndani ya kile kijiti kuna kidude cha kupimia kimesukumwa wapi, na ndani ya kidude hicho kuna utepe wa kaboni unaokwaruzwa kila unapocheza. Utepe ukilika, pedi inaanza kuota ndoto. Kidude chenyewe bei yake haifiki hata ya chipsi mayai, na kukibadilisha kunahitaji mtu mwenye pasi ya kuyeyushia risasi ya kuungia, mkono uliotulia na muda kidogo.

Hapa Rotterdam nikaipeleka kwenye duka ambalo kioo chake kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba wanatengeneza simu na vifaa vya elektroniki. Kijana mpole, sare safi. Akaishika pedi, akaigeuza, hata skrubu moja hakufungua. Akaniambia kuangalia tu tatizo kunalipiwa, na hela hiyo hairudi hata kifaa kisipotengenezeka, kwa hiyo ushauri wake wa dhati ni ninunue mpya. Nikamwambia tatizo ninalijua, nataka tu ang'oe hiki aweke hiki. Akatabasamu: "Samahani, sisi hatufanyi kazi za bodi."

Duka la ufundi ambalo haligusi bodi, lile bamba la ndani lenye saketi zote! Kwa hiyo wanafanya nini? Wanabadilisha vioo, wanabadilisha betri, wanauza makava.

Sasa chukua mtu aliyekulia Dar umwambie sentensi hiyo. Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Likoma, unapita meza baada ya meza, kila moja ina kijana, taa, blowa ya hewa ya moto, na kopo la skrubu ambazo yeye peke yake anajua zilitoka wapi. Simu iliyodumbukia kwenye ndoo inaoshwa thina, inapulizwa, inapimwa njia moja moja mpaka ionekane umeme unavujia wapi. Aisi ya chaji, ile chipu ndogo inayosimamia umeme wa kuchaji, imeungua? Jamaa anapeleka mkono chini ya meza, anatoa simu chakavu ya aina ileile, anang'oa aisi yake na kuihamishia kwako huku anabishana na jirani yake habari za Simba na Yanga. Mchoro wa saketi hakupewa na kiwanda. Kautafuta kwenye makundi ya Telegram na video za Wahindi wa YouTube, kwa bando lake mwenyewe. Ukimwambia "hatufanyi kazi za bodi" atadhani unamtania.

Najua tayari kuna mtu anaandika: "Hawa wakishafika Ulaya ndiyo wanajifanya kuipenda Kariakoo. Ulipokuwa huku ulikuwa unaitukana." Ni kweli niliitukana, na nitaendelea kuitukana. Hakuna mtu ananidanganya kuhusu fundi wa Aggrey. Umepeleka simu ibadilishwe soketi ya chaji, imerudi inachaji safi kabisa, ila spika sasa inanong'ona. Umeuliza, umejibiwa, "Bosi, hii ulikuja nayo hivyohivyo." Gwaranti yake inaishia ukivuka mtaro. Kioo anakuapia ni ogi, yaani halisi cha kiwandani, jioni ukiinamisha simu unaona rangi za upinde wa mvua. Na ile "njoo kesho" yake ina kesho nyingi ndani yake. Ndiyo maana sote tuna nidhamu moja: unaomba stuli, unakaa hapohapo, humpi mgongo, hata kama jua linakuchoma shingo. Hapa Uholanzi ninaacha laptop dukani, napewa risiti, naenda zangu, na sijawahi kuwaza kwamba RAM itapungua. Hilo nawapa, tena bila kinyongo.

Lakini wao wana uaminifu wa kutunza kitu wasichokitengeneza.

Sababu nyingine zinaeleweka. Mwanzoni mwa 2025 kima cha chini cha mshahara hapa kilikuwa yuro 14.06 kwa saa, na hapo hujaweka kodi ya duka wala bima. Fundi akikaa saa moja na pedi yako, pedi imeshapata hasara. Kodi nayo ina vituko vyake: ukitengeneza baiskeli, viatu au nguo unatozwa asilimia 9, ukitengeneza kifaa cha elektroniki ni asilimia 21. Nenda uone matokeo yake mtaani. Baiskeli yenye umri wa babu yangu inaunganishwa mnyororo na kurudi barabarani, huku televisheni yenye kasoro ya kapasita moja, kidude kidogo tu cha kwenye bodi, imewekwa kando ya barabara siku ya kukusanya taka. Nimewahi kusimama mbele ya televisheni ya namna hiyo kwa muda ambao mke wangu aliuona ni wa aibu.

Pedi yangu ilipona, na namna ilivyopona ndiyo iliyonifanya niandike. Kuna kitu hapa kinaitwa Repair Café. Kilianzishwa Amsterdam mwaka 2009 na mama mmoja mwandishi wa habari, Martine Postma, na sasa kimesambaa nchi nyingi. Watu wanakutana kwenye ukumbi wa mtaa, wenye ujuzi wanakaa na vifaa vyao, wewe unakuja na pasi yako, redio yako, mashine yako ya kahawa, mnatengeneza pamoja bure, unaweka senti kidogo kwenye kibuyu cha michango ukipenda. Kuna kahawa, kuna keki. Niliingia nikacheka moyoni: hawa wamegeuza Mtaa wa Aggrey kuwa burudani ya Jumamosi!

Mzee aliyenipokea alikuwa mhandisi mstaafu, ana mita nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Akaifungua pedi, akaikagua, akasema macho yake hayawezi tena risasi ndogo namna ile. "Pasi hii hapa. Choma wewe, mimi nitakushikia taa." Nikachoma. Ikapona. Tukanywa kahawa. Halafu nikauangalia ule ukumbi vizuri. Kila aliyekuwa nyuma ya meza alikuwa na mvi. Waliokuwa wanasubiri na vitu vyao ndio walikuwa vijana.

Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka upande. Bunge la Ulaya limepitisha sheria ya haki ya kutengeneza mwaka 2024, na nchi wanachama zilipewa hadi Julai 2026 kuanza kuitumia. Tangu Juni 2025, kampuni inayouza simu Ulaya inatakiwa kuhakikisha spea muhimu zinapatikana miaka saba baada ya simu hiyo kuacha kuuzwa. Ni sheria nzuri, naziunga mkono kwa mikono miwili. (Ingawa orodha ya vifaa kwenye ile ya haki ya kutengeneza ni ya ajabu kidogo. Mashine ya kuchomelea vyuma imo, pedi ya gemu haimo. Inaonekana hakuna mbunge aliyefungwa goli dakika ya tisini na beki anayetembea mwenyewe.) Lakini spea zikishakuwepo, nani atazifunga? Unaweza kulazimisha kiwanda kitoe kidude. Kijana wa miaka ishirini na mbili anayejua kukisoma kidude hicho kwa kuangalia tu, huyo haagizwi kwa sheria.

Na sisi tunaye. Tunao maelfu. Tunawafanyaje? Mgambo anawafukuza leo, kesho wanarudi. Kwenye harusi mtu akiulizwa kijana wake anafanya nini, anajibu kwa sauti ya chini kwamba "yupoyupo tu Kariakoo, anabangaiza na simu." Mtoto mwingine amehitimu shahada ya biashara, amekaa nyumbani miaka, huyo ndiye anayetambulishwa kwa jina kamili. Fundi anayepandikiza aisi yenye miguu zaidi ya mia chini ya hadubini aliyoinunua kwa mkopo wa kausha damu, tunamwita mbangaizaji. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kutoa cheti kwa mtu aliyejifunza ufundi mtaani. Mwambie mzazi wa kawaida habari hizo, atakuuliza kama cheti hicho kinaajiriwa serikalini.

Kuna atakayesema ninaupamba umaskini. "Tunatengeneza kwa sababu hatuna hela ya kununua, siyo kwa sababu tunapenda. Njoo uishi na simu iliyopasuka kioo ndiyo utaandika vizuri." Mkuu, mimi nimeishi na simu ya kufungwa raba ili betri isidondoke, usinifundishe. Nakubali kwamba shida ndiyo iliyotufundisha. Hata hivyo shida imewafundisha watu wengi duniani na si wote waliotoka na ujuzi huu. Na angalia hela inavyoanza kuingia kidogo tu, jambo la kwanza tunaloona aibu nalo ni simu iliyofunguliwa. Dukani mteja anauliza, "Imeguswa na fundi hii?" kana kwamba ni ugonjwa.

Kitu kinachonitisha zaidi kinakuja kimya kimya, na hakijali kama uko Rotterdam au Mbagala. Simu mpya zinatoka na kufuli za programu. Unaweka kioo halisi, kilichotolewa kwenye simu nyingine halisi ya kampuni ileile, na simu inakuletea onyo kwamba haikitambui. Apple ndio waliofanya mchezo huu ujulikane. Jimbo la Oregon huko Marekani limetunga sheria ya kuupiga marufuku mwaka 2024. Sasa ongeza na hizi simu za mkopo zinazojifunga usipolipa hela ya siku. Mkono wa fundi unaweza kushinda maji, vumbi na umeme wa kupanda na kushuka. Kufuli inayosubiri ruhusa ya seva iliyoko bara jingine, hapo blowa haisaidii. Mlaji wa Ulaya na Marekani ana watu wa kumpigania mahakamani na bungeni. Vijana wa Aggrey, ambao mkate wao wote uko kwenye hilo hilo jambo, sisi tunawajadili tu pale mgambo anapowapanga upya.

Wale wa "rudi basi kama unakupenda sana" nawaona mnakuja. Desemba nakuja likizo, mtanipokea. Nina laptop mbili ambazo ofisi yangu ilikuwa inazipeleka kwenye taka za elektroniki. Moja haiwaki kabisa, nadhani njia ya umeme kwenye bodi ina shoti. Nyingine inawaka dakika chache halafu inazima. Zikipona ni za watoto wa dada yangu, wako kidato cha nne na wanagombania simu moja ya mama yao kufanyia kazi za shule.

Anayemfahamu fundi wa bodi za laptop, Aggrey, Likoma au hata Ubungo, aniambie anakaa usawa wa duka gani. Asiwe wa kubadilisha kioo tu. Bei tutaelewana, ila mwambieni kabisa kwamba nakuja na stuli yangu.