Nyuki wa mikokoni: tuwatege au tuwatazame tu?

Vibakuli vya manjano, bluu na vyeupe, maji, na tone la sabuni ili mdudu akitua azame. Huo ndio mtego ambao watafiti wengi wa nyuki huutegemea, na mfugaji mwenye mizinga kwenye mikoko ya Tudor au Mikindani, Mombasa, akiuona ana haki ya kuuliza: mbona mnatuulia nyuki?

Hofu yake naielewa, ila nyuki wa asali huingia bakulini kwa uchache. Wanaozama zaidi ni vijinyuki vya peke yao, vinavyochimba vishimo ardhini, na hivyo ndivyo tusivyovijua. Wanaosema picha ya simu inatosha wana hoja kwa mdudu kama majimoto, yule chungu mkali wa mitini: kiota chake cha majani yaliyoshonwa kwa hariri ya mabuu hujitangaza chenyewe juu ya mnazi. (Mkwezi humlaani, lakini huyo ndiye anayewinda kunguni wa minazi wanaopukutisha nazi changa.) Nyigu wa milimita 2, anayetaga ndani ya mayai ya wadudu wengine, picha haimtambui. Huyo anataka darubini, na darubini inataka maiti.

Basi mimi niko upande wa mtego, ila si wa bakuli peke yake. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao huponyoka. Chungu wa matawini hawashuki. Kikombe cha kufukia ardhini, kinachonasa chungu vizuri bara, hapa bamvua, yaani maji makuu ya bahari, ikipanda zaidi ya mita 3 hugeuka kisima cha matope. Itabidi mtu apande mkoko, akung'ute matawi, aokote kwa mkono. Na ukienda kabla mkoko aina ya mchu haujachanua, utarudi na orodha fupi.

Orodha fupi ina hatari yake. Tangu sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999, miradi mikubwa hufanyiwa tathmini kwanza, na bakuli za siku chache zinaweza kumpa mjenzi karatasi ya kusema mikoko hii haina wadudu wa maana. Hapo mtego utakuwa umeua mara mbili.

Kwa hiyo wauawe wachache, wahifadhiwe Makumbusho ya Taifa Nairobi wakiwa na tarehe na mahali walipokamatwa, na majina yao yarudishwe kwa wafugaji. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na kusahauliwa kwake ndiko kunakowafanya watu wa mizinga wazing'oe bakuli.