Wa kumi katika upatu

Chukua upatu wa wanawake kumi wa Langoni, Lamu, kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki. Anayepokea wiki ya kwanza ametoa 500 akaondoka na 5,000; anadaiwa 4,500. Wa kumi ameshatoa 4,500 kabla zamu yake haijafika, na mkononi hana ila neno la wenzake. Katikati yuko kijumbe, anayekusanya na kupanga zamu.

Sijaona aliyeieleza hali hii vizuri kuliko Annette Baier (1929–2012), mwanafalsafa wa New Zealand aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Katika makala yake ya 1986 alitenganisha kuamini na kutegemea. Nahodha hutegemea kusi, pepo za msimu zitokazo kusini. Kusi ikichelewa atakasirika, lakini hatasema imemfanyia hiana. Hiana hufanywa na mtu tuliyemwamini. Kuamini, kwa Baier, ni kumkabidhi mtu kitu unachokithamini akutunzie, ukimwachia nafasi ya kuamua atakitunza vipi. Sisi tuna neno lake tayari: amana.

Nafasi hiyo ya kuamua ndiyo yenye mitego. Baier alitoa mfano wa mlezi wa mtoto anayepaka chumba cha mtoto rangi ya zambarau: hana nia mbaya, ila amevuka alichopewa. Kijumbe naye akizungusha pesa za wiki dukani kwa nduguye kisha akazirudisha kabla ya siku ya kugawa, hakuna hata shilingi iliyopotea, na bado amevuka.

Wengine watasema dawa ni mkataba. Unasaidia, sikatai. Lakini Baier aliona kwamba mkataba ni aina moja tu ya kuaminiana, inayowafaa watu walio sawa na wanaoweza kuondoka wakitaka. Mtoto mchanga hakutia sahihi popote. Falsafa ya maadili ya Ulaya iliandikwa zaidi na wanaume ambao kulea hakukuwa kazi yao, na ndiyo maana mama na mwana, mgonjwa na anayemuuguza, waliachwa pembeni. Hapo nipo naye kabisa: hakuna aliyekuwa mtu bila kulelewa na watu.

Wala hakusifu kila imani. Kipimo chake: je, imani itabaki kama kila upande ukijua mwenzake anategemea nini ili mambo yaendelee? Inayosimama kwa vitisho au kwa kufichana imeoza, hata kama haijavunjika. Basi tuseme katika upatu wetu kuna muuza maandazi ambaye ndiye wa kumi kila mzunguko; tuulize kwa nini. Kama ni kwa sababu hathubutu kulalamika, kijumbe hawezi kulitamka hilo wote wakiwa wamekaa mkekani. Kupanga zamu kwa kuokota vikaratasi kunapita kipimo hicho. Kumtanguliza aliyefiwa nako kunapita, maana sababu yake husemwa kwa sauti, na wa kumi huisikia kabla hajatoa 500 zake za kwanza.