Sande skuli haiwezi kulea imani ya mtoto peke yake

Wazazi wenzangu wa Mbeya na huku kusini kote naomba niseme hili wazi maana linaniuma, tumewaachia walimu wa sande skuli kazi ambayo ni yetu. Mtoto anapelekwa kanisani Jumapili, anakaa na mwalimu kama lisaa limoja hivi akiwa na wenzake kibao, halafu wiki nzima nyumbani hasikii hata sala ya chakula, akifika kidato cha pili akasema kanisani haendi ndo tunashangaa kapatwa na nini.

Injili huku haikufika jana. Wamoravian na wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, Wamoravian wakaanzia pale Rungwe, kwahiyo kuna familia Tukuyu huko ziko kanisani tangu enzi za mababu wa mababu. Na mimi naamini kabisa kilichoishikilia hiyo imani miaka yote sio mahubiri peke yake, ni mabibi, jioni jikoni moto unawaka, utenzi mmoja, sala kwa Kinyakyusa, watu wanaenda kulala. Paulo naye akimwandikia Timotheo anaikumbuka imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Hata lile neno la siku, yaani mstari wa Biblia wa kila siku ambao Wamoravian wanasoma, lina asili ya nyumbani. Lilianza Herrnhut kule Ujerumani 1728 kwa Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa wakati huo, na ndugu walikuwa wanalipeleka nyumba kwa nyumba, kitabu kikachapwa baadae kwa ajili ya mwaka 1731. Wakatoliki nao wana jumuiya ndogondogo, zinasali majumbani kwa watu. Yaani makanisa yenyewe yanajua nyumba ina nguvu gani, sisi wenye nyumba ndo tumelala, tv imewashwa tamthilia inaendelea na baba yuko na simu.

Sasa kuna wanaojitahidi, hongereni, ila kuna kitu kinaharibu sana. Mzazi anageuza sala kuwa sehemu ya kumsema mtoto. Utasikia Bwana mguse huyu mtoto aache uvivu, Bwana unaona matokeo yake ya hesabu, na mtoto yuko pale pale kafumba macho anasikia aibu mbele ya wadogo zake. Hiyo sio sala jamani, hayo ni makofi ya mdomo, na mtoto akishazoea kwamba kuitwa kusali ni kuitwa kusemwa ataanza kusingizia homework kila jioni. Kama una neno naye mwite pembeni umwambie. Kwenye sala mtaje kwa mema, mshukuru Mungu kwa ajili yake akiwa anasikia, utaona anavyonyanyua kichwa.

Na sio lazima iwe ndefu. Mistari michache, swali moja, kila mtu aseme anachoombea hata kama mdogo anaombea kuku wake. Wewe pia sema mambo yako ya kweli, kwamba mbolea imepanda bei na hela haijatosha tunamwomba Mungu, ili mvua ikija vizuri na viazi vikitoka mshukuru pamoja na mtoto aone mwanzo na mwisho wa lile ombi. Akiuliza swali gumu, kwa nini babu alikufa na tuliomba, usimkemee. Kaa nalo mpaka alie kama anataka kulia.

Akina baba, tukae. Kumwachia mama peke yake kunamfundisha kijana wa kiume kwamba kusali ni mambo ya wanawake na watoto, na baadae utamhubiria mpaka uchoke.

Najua pia nyumba nyingi hapa mjini baba ni Moravian mama anasali kwa walokole, au mmoja Mlutheri mwingine Mkatoliki, na hiyo ndo inafanya watu wasisali pamoja kabisa wakiogopa ugomvi. Mimi nasema wekeni pembeni kwanza mabishano ya ubatizo na mambo ya Maria, chukueni Injili ya Marko ina sura 16 tu, someni kipande kila jioni kwa zamu na mtoto anayejua kusoma apewe zamu yake, mkimaliza mnarudia au mnaenda Luka.