Live Aid na Live 8: jina kubwa lilitosha?

Ubishi wa nani aling'ara na nani aliboronga Live Aid haujaisha hadi leo. Tamasha hilo la Julai 13, 1985, lililorushwa kwa satelaiti kutoka viwanja vya Wembley, London, na John F. Kennedy, Philadelphia, ili kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, huzungumzwa kama vile lilikuwa shindano la vipaji: bendi ya Queen imeshinda, bendi ya Led Zeppelin imeburuza mkia, kesi imekwisha.

Wanaowatetea walioboronga wana hoja nzito. Kila kundi lilipewa kama dakika 20, taa zikiwaonya muda unapokwisha, na hakukuwa na nafasi ya kupima sauti kabla ya kupanda. Uwanja mkubwa nao una adhabu yake: sauti ikigonga ukuta ulio mita 100 mbele, inarudi imechelewa zaidi ya nusu sekunde. Mwimbaji asiyejisikia kwenye spika za jukwaani huanza kuufuata mwangwi huo, na ghafla yuko nyuma ya ala zake mwenyewe. Bob Dylan, Keith Richards na Ron Wood walikuwa na magitaa matupu, bila dramu ya kuwashika pamoja, huku nyuma ya pazia wenzao wakijipanga kwa wimbo wa kufunga. Uzi wa gitaa la Dylan ukakatika. Wood akamvulia lake na kubaki akipiga hewa hadi alipoletewa jingine. Huko Wembley, maikrofoni ya Paul McCartney ilikufa mwanzoni mwa "Let It Be". Hapo huwezi kumlaumu mtu aliyekuwa kwenye piano.

Lakini shida hizo ziliwakuta wote, na wapo waliojiandaa kwa ajili yake. Queen walifanya mazoezi Shaw Theatre, wakazisuka nyimbo zao zitoshee dakika zao: "Bohemian Rhapsody" ikakatwa kabla ya sehemu yake ya opera, "We Will Rock You" ikafupishwa. "Radio Ga Ga" ina makofi ambayo watu 72,000 wanaweza kuyapiga bila kufundishwa, na kamera inayaona vizuri kuliko inavyoona ufundi wa gitaa. Hiyo ni hesabu, tena ya watu waliojua kwamba hadhira kubwa ilikuwa nyumbani mbele ya televisheni.

Bendi ya U2 ilivunja kanuni hiyo ya kubana dakika na bado ikatoka mshindi. Mwimbaji wao, Bono, alishuka jukwaani kucheza na msichana katika umati, "Bad" ikarefuka hadi kama dakika 12, na "Pride", wimbo wao uliokuwa maarufu zaidi, haukupigwa. Kwa aliyekuwa uwanjani, Bono alipotea machoni. Kwa aliyekuwa sebuleni, kamera ilimfuata, na ndicho kilichokumbukwa.

Led Zeppelin siwaonei huruma sana. Walirudi jukwaani bila mpiga dramu wao John Bonham, aliyefariki 1980, wakiwa na wapiga dramu wawili, Tony Thompson na Phil Collins, huyu wa pili akiwa ameshuka punde kutoka kwenye Concorde, ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti, baada ya kupiga Wembley. Wapiga dramu wawili wanahitaji kugawana midundo mapema, la sivyo kila mmoja anamsubiri mwenzake. Sauti ya mwimbaji wao Robert Plant ilikuwa imekauka, gitaa la mwenzake Jimmy Page halikuwa limetuniwa sawasawa. Page alimtupia Collins lawama, Collins naye akakataa kuibeba. Kipande chao hakikuingizwa kwenye DVD ya 2004, kwa matakwa yao wenyewe.

Nayasema haya kwa sababu miaka 20 baadaye, jina kubwa ndilo lililotumika kama kigezo cha kuwaweka kando Waafrika. Live 8, matamasha ya Julai 2, 2005, ilidai madeni ya nchi maskini yafutwe, lakini ratiba ya Hyde Park, London, ilipotangazwa, wasanii wa Afrika walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Bob Geldof, mwandaaji wake, alijitetea kwamba bila majina yanayouza, watazamaji wangebadili chaneli. Si hoja ya kipuuzi: bendi ya Pink Floyd kuungana tena na mwenzao wa zamani Roger Waters, mara ya kwanza tangu 1981, kuliwavuta wengi mbele ya televisheni. Ila jina humfanya mtu awashe televisheni tu. Asipopewa kitu, anaondoka, na 1985 ilionyesha kwamba majina makubwa mno yanaweza kutoa kazi mbovu mno.

Baada ya malalamiko, mwanamuziki Peter Gabriel alisaidia kuandaa jukwaa la Waafrika kwenye bustani ya Eden Project, Cornwall, mbali na London. Angélique Kidjo, Thomas Mapfumo, Maryam Mursal na Ayub Ogada walipiga huko. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa, na wapo waliolifurahia kwa sababu wasanii hawakubanwa na wimbo mmoja wa haraka. Hata hivyo, kamera kubwa zilikuwa Hyde Park. Youssou N'Dour wa Senegal alipanda majukwaa matatu siku hiyo, London, Cornwall na Versailles, Ufaransa, moja zaidi ya Collins na Concorde yake, na ni wachache wanaoikumbuka safari hiyo.