Michoro ya jangwa la Australia: kinachouzwa na kisichouzika

Mwaka 1971, wazee wa Kiaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, wa Papunya, makazi yaliyoanzishwa na serikali magharibi ya Alice Springs katikati ya Australia, walianza kuchora kwenye mbao, kwa rangi za dukani, alama ambazo hadi wakati huo zilichorwa mchangani na miilini wakati wa ibada. Mwaka uliofuata waliunda kampuni yao, Papunya Tula, na tangu hapo swali moja halijaisha: je, kuuza michoro hii ni kuitenga na ardhi ya wahenga iliyoizaa?

Wanaoona hivyo wana hoja nzito. Mduara kwenye mchoro waweza kuwa kisima au kambi, na mistari ni njia walizopita wahenga walioiumba nchi. Wala mtu hachori mahali popote apendapo, bali pale alipo na haki ya kurithi. Baadhi ya mbao za mwanzo zilionyesha mambo ya siri, Waaborijini wa jamii nyingine wakalalamika vikali, na wachoraji wakaanza kuyaficha au kuyaacha kabisa. Tena kuna suala la fedha. "Warlugulong", mchoro wa Clifford Possum Tjapaltjarri wa mwaka 1977, ulinunuliwa na benki kwa dola 1,200 za Australia. Mwaka 2007, miaka mitano baada ya kifo chake, uliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.4. Sheria ya kumpa msanii au warithi wake asilimia 5 ya mauzo ya marudio ilianza mwaka 2010 tu.

Hata hivyo, naona hoja hiyo inauchukulia mchoro kama nakala ya pekee ya hati, ambayo ikishatoka mkononi haki imepotea. Anunuaye hupata turubai. Hapati haki ya kuchora kisima kile wala kuisimulia habari yake. Ushahidi ulio wazi zaidi ni turubai ya Ngurrara, yenye upana wa mita 8 kwa 10, iliyochorwa mwaka 1997 huko Pirnini, katika Jangwa Kuu la Mchanga. Wadai wa ardhi waliitandaza mbele ya baraza la madai, na kila mmoja akasimama juu ya sehemu ya nchi yake akaieleza. Miaka 10 baadaye, mahakama ilitambua haki yao juu ya takriban kilomita za mraba 77,000. Hata mnada umewahi kuwarudisha watu kwao: mwaka 2000, michoro iliyouzwa Sydney ilisaidia kuchangisha zaidi ya dola milioni moja ili wagonjwa wa figo wasafishiwe damu huko kwao Kintore, badala ya kuhamia Alice Springs, mamia ya kilomita kutoka ardhi yao.

Kwa hiyo hatari ninayoiona haiko katika kuuza, bali katika nani aamuaye kinachoonyeshwa. Na hapo sheria ya hakimiliki bado ina pengo kubwa, kwa kuwa humtambua msanii mmoja mmoja, ilhali alama anazozitumia ni amana ya ukoo mzima. Mchoraji akifariki, warithi wake kisheria wanaweza wasiwe wale ambao mila imewakabidhi mahali palipochorwa, na wazee wenye dhamana hiyo wakabaki bila nguvu ya kuzuia picha isichapishwe.