Urambo si urembo: kutafuta jibu ndani ya maandishi ya mashine

Kwa misimu kadhaa sasa chama chetu cha msingi cha wakulima wa tumbaku, hapa mkoani Tabora, kimekuwa kikirekodi mikutano yake mikuu kwa simu. Mimi, nikiwa katibu, huipitisha sauti hiyo kwenye programu ya kugeuza maneno yaliyosemwa kuwa maandishi, kisha huyahifadhi maandishi hayo pamoja na muhtasari ninaouandika kwa mkono. Siku moja mwenyekiti aliniambia, "Katibu, hebu nitafutie pale tulipokubaliana kuhusu mbolea tuliyoazima kutoka kwa wenzetu wa Urambo." Niliandika neno Urambo kwenye kisanduku cha kutafutia, na kompyuta ikanijibu kwamba neno hilo halimo katika kumbukumbu zote za mwaka mzima. Nilipoamua kusoma ukurasa kwa ukurasa ndipo nilipogundua kwamba, kwa mujibu wa mashine, wanachama wetu walikuwa wamejadiliana kwa kirefu kuhusu "mbolea ya urembo".

Wajumbe walicheka sana, lakini baada ya kicheko tatizo lilibaki palepale. Mashine haikukosea sana, kwa kuwa ilisikia silabi tatu, ikapata mbili sawasawa na kuteleza kwenye irabu moja, kisha ikachagua neno ambalo imelizoea zaidi. Kosa kubwa lilikuwa la utafutaji, uliodai herufi zote sita ziwe sawa ndipo ukubali kwamba neno limepatikana. Maandishi yaliyotokana na sauti yanapaswa kutafutwa kwa sauti. Anayeuliza swali aandike neno lake, kompyuta iligeuze kuwa mfuatano wa sauti, iyageuze pia maandishi yote kuwa mfuatano wa sauti, kisha itafute mahali ambapo mifuatano hiyo miwili inakaribiana, hata kama haifanani kabisa.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1918 Mmarekani Robert Russell alipewa hataza ya mfumo wa kupanga majina ya watu kwa jinsi yanavyosikika badala ya jinsi yanavyoandikwa, na mfumo uliotokana na kazi hiyo, unaoitwa Soundex, ulikuja kutumika kuandaa faharasa za majina katika sensa za Marekani. Kati ya 2007 na 2009 watafiti wa Ulaya waliendesha mashindano yaliyoitwa QAST, ambamo mifumo ya kompyuta ilitakiwa kujibu maswali kutokana na mihadhara, mikutano na hotuba zilizonukuliwa na binadamu au na mashine. Ilionekana wazi kwamba kadiri maneno yaliyonukuliwa vibaya yalivyoongezeka ndivyo majibu sahihi yalivyopungua. Baadhi ya washiriki walijaribu kulipunguza pengo hilo kwa kutafuta maneno ya swali kwa sauti zake, bila kujali mipaka ya maneno iliyowekwa na mashine. Jambo hilo la mipaka ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mashine isiyolijua jina la Kaliua itaandika "kali ua", na stesheni ya Usinge, iliyo kwenye reli ya kwenda Kigoma, inaweza kumezwa na kitenzi chochote kinachoanza na "usinge".

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaodhani kwamba tunaweza kuichukua Soundex kama ilivyo na kuifungulia ofisi huku kwetu. Mfumo huo hubakiza herufi ya kwanza ya neno, hutupa irabu zote pamoja na h, w na y, kisha huzipa konsonanti zinazobaki tarakimu kwa makundi: b, f, p na v hupata 1, d na t hupata 3, l hupata 4, r hupata 6, na kadhalika. Kwa majina ya ukoo ya Wamarekani mpango huo ulifaa. Sasa chukua maneno ambayo hayakosi katika mkutano wowote wa ushirika: kata, kiti, kitu, kodi, kadi, koti. Yote sita, bila kubaki hata moja, hupata alama moja tu, K300. Mwanachama atauliza kuhusu kodi naye ataletewa hoja ya viti vya ukumbini. Kiswahili kinaegemea irabu zake, na anayezitupa amebakiwa na mifupa mitupu.

Kwa upande wa pili, Soundex inatenganisha kabisa l na r, yaani mahali pale pale ambapo ndimi za wengi wetu huku haziwekei mpaka. Mzee anayetamka "Ulambo" anaeleweka na kila mtu ukumbini, lakini alama ya Ulambo ni U451 na ya Urambo ni U651, kwa hiyo kwa Soundex hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Nakiri kwamba urembo na Urambo zinapata alama moja, maana irabu zimetupwa, na hivyo swali la mwenyekiti lingejibiwa siku ile. Lingejibiwa kwa bahati, na mfumo wa bahati siwezi kuutumia wanachama wanapogombania mbolea.

Ninachopendekeza ni jedwali la sauti linaloandikwa kutokana na vinywa vyetu wenyewe, na hapa tuna faida ambayo wenye Kiingereza hawana. Wao hulazimika kuwa na kamusi kubwa ya matamshi kabla ya kuanza kazi, kwa kuwa herufi zao haziaminiki, ilhali sisi tunaandika karibu na tunavyotamka, na kanuni chache zinatosha kugeuza sentensi nzima kuwa sauti. Katika jedwali hilo l na r zihesabiwe kuwa karibu sana, vivyo hivyo dh na z, th na s, gh na g. Irabu zibaki, lakini tofauti ya e na i, au ya o na u, itozwe gharama ndogo kuliko tofauti ya i na u. Kiambishi cha mwanzo kisipewe uzito ambao Soundex inaipa herufi ya kwanza, kwa maana mkaguzi, wakaguzi na ukaguzi vinaanza kwa herufi tatu tofauti na bado aliyeuliza kuhusu kimoja huenda anahitaji kuviona vyote. Na orodha ya maneno ya kazi yetu iongezwe kwa mkono: majina ya vijiji, majina ya pembejeo, makisio, makato, mabani. Mabani ya kukaushia tumbaku yamewahi kuandikwa "mabano" katika kumbukumbu zetu mara nyingi kiasi kwamba mgeni angedhani sisi ni chama cha walimu wa hisabati.

Ulegevu huo una bei yake, na sitaki kuificha. Ukishasema l na r ni karibu kitu kimoja, umekubali kwamba kura na kula, kalamu na karamu, mahali na mahari vitajitokeza pamoja katika matokeo. Ukizilegeza th na s, swali la thamani ya mali za chama litaleta pia samani za ofisi. Ndiyo maana naona ni hatari kuiacha programu itoe jibu moja lililonyooka kama vile imesikia kila kitu. Ulinganishaji wa sauti ufanye kazi ya kukusanya mahali panapowezekana, maneno ya jirani yasaidie kuchuja, kwani penye "kupiga" na "wagombea" kura ina nguvu kuliko kula, kisha muulizaji aoneshwe dakika na sekunde ya rekodi ili asikilize mwenyewe. Mwenyekiti hakuhitaji sentensi ya kompyuta, alihitaji kuisikia sauti ya mjumbe aliyesema "tutawarudishia".

Kwa tarakimu mimi ni mkali zaidi. Sita na saba, sitini na sabini, zote zimekaribiana kwa sauti, na kilo za tumbaku hazivumilii ukaribu. Programu ikikuta idadi katika maandishi, isikubali kuilegeza wala kuikisia, bali ipeleke msikilizaji moja kwa moja kwenye rekodi. Nimeona muhtasari mmoja, sitasema wa wapi, ambao ulisainiwa ukiwa na tarakimu ya mashine ambayo hakuna aliyeihakikisha, na kuirekebisha kulihitaji mkutano mwingine mzima.

Kuna sehemu ambayo jedwali langu halifiki. Mkutano ukipamba moto, wazee wetu huacha Kiswahili wakaingia Kinyamwezi, mara nyingi pale pale hoja inapofikia uamuzi, na mashine, ambayo haijui kwamba lugha imebadilika, huendelea kuandika Kiswahili kisicho na maana yoyote. Salamu ya "mwangaluka" iliwahi kutoka kama "mwanga ruka". Kwa neno moja nafaulu, kwa kuwa nimeliingiza kwenye orodha, lakini kwa hoja ya dakika kumi sauti zenyewe zimepindishwa zikae kwenye maneno ya Kiswahili na hakuna cha kulinganisha nacho. Kwa hiyo nimerudia daftari. Mzee anapobadilisha lugha naandika saa, jina lake na mada kwa maneno matatu au manne, na baadaye naliingiza dokezo hilo kwenye kompyuta kando ya maandishi ya dakika hizo, ili anayetafuta mbolea alikute hata kama mashine iliandika hadithi nyingine kabisa.